Jikoni na Shangazi: Jiko la kioo, mchanga wa ziwani na shira iliyomwagika

Mwangaluka, wasomaji wangu. Toleo lililopita nilitaja, kwa kupitia tu, kwamba kwangu Isamilo, hapa Mwanza, napikia jiko la umeme la kioo. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja kutoka Buswelu mpaka Ukerewe, nyingine za kuuliza, nyingine za kunisuta kwamba nimewatupa wauza mkaa. Sijamtupa mtu. Kiroba cha mkaa kiko stoo na gesi iko pembeni, maana umeme ni wa kukatika na wageni wangu hawana ratiba. Mambo ya nyaya nimemuuliza mtoto wa kaka yangu, fundi umeme. Mambo ya ugali sikumuuliza mtu.

SUFURIA INAZUNGUKA NA MWIKO

"Shikamoo shangazi. Mwanangu wa Dar es Salaam amenitumia jiko la kioo la pleti nne. Fundi amelifunga, linang'aa jikoni. Shida ni ugali. Nikianza kusonga, sufuria inazunguka na mwiko. Nikisonga wa udaga, ule wa muhogo, ndiyo kabisa, ni mieleka. Baba watoto anakula huku akiuliza kama moto ulizimika njiani. Nifanyeje?" (Mama wa watano, Nyegezi)

Marahaba mama. Kabla hujalilaumu jiko, pindua sufuria uitazame kitako. Sufuria zetu nyingi zimekaa miaka mingi kwenye mafiga na mkaa, kitako kimevimba kwa nje. Chukua rula ya mtoto wa shule, isimamishe kwa ukingo wake juu ya kitako, kisha inua vyote usawa wa macho. Ukiona mwanga unapita chini ya rula, basi hiyo sufuria inakalia tumbo lake, ndiyo maana inazunguka kama pia. Tena hasara si kuzunguka tu. Kwenye mkaa moto unailamba sufuria mpaka ubavuni. Kwenye kioo joto linapanda kutoka chini peke yake, na pale kitako kisipokaa sawasawa joto linapotea hewani, ugali unaiva upande. Malalamiko ya baba watoto yana msingi.

Tafuta sufuria nzito yenye kitako bapa, upana wake ulingane na duara lililochorwa kwenye kioo. Maduara mengi yana kipenyo cha sentimita 14.5, 18 au 21. Nenda madukani Makoroboi na utepe wa fundi cherehani, pima kitako, usipime mdomo wa sufuria. Mwenye duka akikucheka mwache acheke. Sufuria ya alumini nzito inafaa, ila ukiiburuza inaacha michirizi ya rangi ya fedha. Inyanyue kila unapoihamisha.

Ugali wenyewe mimi nausonga hivi. Maji yachemke kwa moto wote kwenye duara kubwa. Koroga uji, na ukianza kurusha matone punguza moto hadi nusu. Punguza kabla ya kutia unga, usingoje baadaye, kwa sababu pleti iliyo chini ya kioo haisikii amri papo hapo. Unaipunguza sasa, yenyewe inaendelea na joto la mwanzo kwa dakika kadhaa. Tia unga, songa mpaka uanze kushika. Ukianza kukaza, zima jiko na uipue. Weka ngata ya kitambaa sakafuni, sufuria juu ya ngata, wewe kaa kwenye kigoda, mkono mmoja na kitambaa kwenye sikio la sufuria, mwingine kwenye mwiko. Hapo songa utakavyo, hata wa udaga, hakuna kitakachozunguka. Ukishalainika, irudishe sufuria palepale kwenye duara ulilozima, funika, iache dakika tano. Duara bado lina joto, na umeme wake ulishaulipia.

Ngata isipande kwenye kioo hata siku moja. Nimeandikiwa na watu wanaoweka kitambaa kibichi chini ya sufuria ili isiteleze. Kitambaa juu ya pleti inayowaka kitakauka, halafu kitashika moto.

Sasa nikuulize ambalo hukuniuliza. Sufuria unasugulia nini? Ukiwa Nyegezi, karibu na maji, jibu ninalo. Mchanga wa ziwani unatoa masizi kuliko sabuni yoyote ya dukani, sibishani na mtu. Lakini kuna chembe moja itakayobaki imejibana kwenye mkunjo wa kitako, na ukiisogeza sufuria juu ya kioo kidogo tu, unasikia "krii". Huo mlio umeshaacha mstari. Mchanga wetu umemomonyoka kutoka kwenye haya majabali ya mji huu, ndani yake mna kwatzi, madini magumu kuliko kioo, na kwatzi inachora kioo. Mstari huo hautoki kwa kusugua. Majivu nayo yana chenga zake. Kwa hiyo zitenge sufuria za jiko la kioo, zioshwe kwa sponji na sabuni, na kila kabla ya kuziweka jikoni pitisha kiganja kikavu kwenye kitako. Kiganja kinasikia chembe ambayo jicho linaipita. Na dagaa walioanikwa chini wapepete nje. Kioo si meza ya kuchambulia dagaa.

SHIRA IMENG'OA KIOO

"Shangazi shikamoo. Nilikuwa napika shira ya visheti, ikafurika ikamwagika kwenye jiko. Nikaacha ipoe ndipo nisafishe, nisije nikaungua. Ilipopoa ikaganda ngumu, nami nilipoibandua ikatoka na vipande vidogo vya kioo. Sasa pana vishimo. Jiko limekufa?" (Dada wa Igoma)

Marahaba. Halijakufa, kama ni vishimo tu na hakuna ufa. Piga piga kwa ukucha kuzunguka vishimo, pitisha tochi kwa ubavu. Ukiona mstari unaotembea kutoka kishimo kimoja kwenda kingine, ruka usome barua ya ufa hapo chini. Kama hakuna, endelea kupika, ila uzoee sura yake mpya, maana vishimo havizibiki.

Kwa uchafu mwingine wote nakwambia ngoja kipoe. Sukari ndiyo haingoji, pamoja na plastiki iliyoyeyuka. Sukari ikiyeyuka inashikana na kioo. Ikianza kupoa inasinyaa, wakati kioo cha jiko hili karibu hakisinyai kabisa. Basi sukari inavuta, kioo hakifuati, na ngozi ya juu inang'oka.

Kwa hiyo shira ikimwagika fanya haraka, lakini kwa adabu. Zima pleti. Ondoa sufuria. Vaa glavu nene ya jikoni. Chukua kikwanguo cha wembe chenye mpini, kile ambacho mafundi rangi wanakwangulia rangi kwenye vioo vya madirisha. Hakina bei kubwa. Kilaze, kisisimame, kama nyuzi 30 hivi, usukume shira kutoka kwenye duara kuipeleka sehemu ya kioo yenye ubaridi. Futa wembe, rudia. Yatakayobaki, mabaki membamba, utayamaliza kioo kikishapoa. Kisu cha jikoni hapana, na wembe wenye kutu au pengo hapana. Maziwa yenye sukari, jamu ya embe na uji mtamu wa mtoto vyote vinahesabiwa kuwa sukari.

Mafuta na uji wa kawaida ulioungulia ni kazi nyepesi. Kioo kipoe, kilaze kitambaa kilicholoa maji ya sabuni ya vyombo kwa robo saa, kwangua kwa wembe uliolala, kisha paka bekingi soda iliyokorogwa na maji kidogo, sugua kwa kitambaa laini. Alama nyeupe za maji na ile michirizi ya sufuria za alumini inatoka kwa siki nyeupe. Maliza kwa kitambaa kikavu. Stilwaya iache kwenye masufuria, na sabuni ya unga yenye chenga iache kwenye nguo. Kitambaa cha jiko kiwe chake peke yake. Ukitumia kile cha kufutia meza chenye mafuta, unapaka mafuta ambayo kesho yataungua na kuacha ukungu.

WAPANGAJI WENZANGU WANANITAZAMA

"Shikamoo shangazi. Nimepanga chumba Malimbe. Nina jiko la kioo la pleti moja, wati 2000. Umeme wa LUKU, wa kulipia kabla, tunachangia wanne na wote wananitazama mimi. Halafu ekstensheni yangu imeanza kunuka." (Mwanachuo)

Marahaba mwanangu. Tuanze na kinachonuka. Hiyo ekstensheni itupe leo, usiirithishe mtu. Wati 2000 kwenye volti 230 ni karibu ampea 9. Ekstensheni nyingi za bei ya chini zina waya mwembamba, wa milimita 0.75 za mraba, ambao kikomo chake ni kama ampea 6. Hiyo harufu ni plastiki inapikwa, na ukiwa umeikunja waya chini ya kitanda inapikwa haraka zaidi. Chomeka jiko moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani ya ampea 13. Baada ya kupika shika plagi: ikiwa na joto mpaka mkono unakataa, soketi imelegea ndani, mwambie mwenye nyumba. Na kama jiko lako lina feni, usichomoe mara tu unapozima. Iache feni imalize kazi yake.

Sasa hesabu. Wati 2000 zikiwaka mfululizo nusu saa ni uniti 1. Ukipika kwa moto wote saa nzima kila siku, kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 60. Kama mita yenu iko kwenye daraja la matumizi madogo, lenye mpaka wa uniti 75 kwa mwezi, basi wewe peke yako umewaachia wenzako watatu uniti 15 za taa, simu na pasi. Wana haki ya kukutazama! Mkivuka mpaka bei ya kila uniti inayozidi inapanda, na inapanda kwa nyumba nzima.

Lakini nani kakwambia upike kwa moto wote saa nzima? Loweka maharage tangu usiku. Funika sufuria. Wali ukikaribia kukauka, zima, utaiva kwa joto la pleti. Ukipata hela ya kwanza ya kazi nunua presha kuka yenye kitako bapa kabla hujanunua viatu. Halafu kaeni wanne, kila mtu aandike kifaa chake na wati zake kwenye karatasi, mgawane mchango kwa matumizi. Mwenye taa moja asilipe sawa na mwenye jiko.

TAA ILIZIMIKA, NIKAJUA LIMEPOA

"Habari za siku nyingi, mdogo wangu. Umeme ulikatika nikiwa napika. Ile taa nyekundu ya jiko ikazimika, nikajua moto umekwisha. Mjukuu wangu wa miaka mitatu akaweka kiganja. Mama yake akampaka dawa ya meno. Sasa anaendelea vizuri, ila moyo wangu haujatulia." (Bibi, Bugogwa)

Shikamoo dada. Pole, na umpe mjukuu pole yangu. Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikairudia, maana jambo hili wauzaji wa majiko hawalisemi.

Ile taa nyekundu inayobaki inawaka baada ya kuzima, au ile herufi H kwenye majiko ya kugusa, kazi yake ni kusema kwamba kioo bado kina joto. Lakini taa yenyewe inatumia umeme. Umeme ukikatika inazimika, na kioo kinabaki na joto lile lile la kuunguza, bila rangi, bila moshi, bila dalili. Mkaa unapopoa unauona ukiwa mweusi. Kioo kiko hivyo hivyo mchana kutwa, kikiwa baridi na kikiwa cha moto.

Kwa hiyo umeme ukikatika, zungusha swichi zote zirudi kwenye sifuri hapo hapo. Usipofanya hivyo, jiko la swichi za kuzungusha litawaka lenyewe umeme ukirudi, hata kama umetoka umekwenda kanisani. Watoto watoke jikoni. Hesabu nusu saa nzima kabla ya kukiamini kioo, na hata hapo sogeza kiganja juu yake bila kugusa, usikie kama joto linapanda. Siku zote mipini ya sufuria itazame ukutani. Na usiweke kopo la biskuti kwenye kabati lililo juu ya jiko, utampandisha mtoto mwenyewe.

Dawa ya meno, dada, tuiachie meno. Pia yai, siagi, mafuta ya taa na unga wa ngano. Ameungua, mkono uende chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka, siyo barafu, kwa dakika 20. Ni ndefu, mtoto atalia, mshike. Kama bomba halitoi, mwagia kwa kata pole pole kutoka kwenye ndoo. Vua bangili kabla mkono haujavimba. Kisha funika kwa kitambaa safi kisicho na manyoya, usipasue lengelenge. Mtoto mdogo aliyeungua kiganja apelekwe kituo cha afya hata kama amenyamaza, kwa sababu kiganja kikipona vibaya vidole vinajikunja.

SUFURIA INANIUMA VIDOLE

"Bi shangazi, habari. Nakaa Mabatini, mlimani. Nikiwa peku nikigusa sufuria ikiwa kwenye jiko nasikia kitu kinaniuma vidole. Mke wangu mwenye ndala hasikii. Fundi aliyefunga anasema majiko ya umeme ndivyo yalivyo." (Mzee wa mlimani)

Shikamoo mzee. Sivyo yalivyo. Zima kwenye meni swichi na usilitumie mpaka lipimwe.

Hapa nimemwita mtoto wa kaka. Amesema kwanza fundi aangalie kama waya wa ethi wa jiko, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, umeungwa kweli, au ulikatwa tu ukaachwa unaning'inia. Pili, akacheka, kwa sababu ukiwa Mwanza swali la ethi ni swali la jabali. Ile nondo ya shaba inatakiwa izame ardhini kwenye udongo wenye unyevu. Kwenye milima yetu fundi anapiga nyundo, nondo inagonga mwamba, inagoma. Asiye na subira anaikata kwa msumeno, anaifukia kipande, anaweka saruji juu, na wewe unalipa. Ethi ya namna hiyo ipo kwa macho tu, umeme hauioni. Dawa ni kutafuta mfuko wa udongo kati ya mawe, hata kama ni mbali na nyumba, na kuunganisha nondo zaidi ya moja. Kisha ipimwe kwa kifaa. Mwambie fundi akuonyeshe namba. Pia afunge breka ya kuzuia mshtuko, ya milliampea 30, inayokata umeme yenyewe ukianza kuvujia mwilini mwa mtu.

Wakati yuko hapo, aangalie na njia ya jiko. Jiko la pleti nne lenye wati 6000 linavuta ampea 26. Haliwezi kuchomekwa kwenye soketi ya kawaida wala kuungwa na waya wa soketi za sebuleni. Linataka waya wake kutoka kwenye boksi la breka, milimita 6 za mraba, na breka yake ya ampea 32. Mama wa Nyegezi, nawe umuulize aliyekufungia.

INFRAREDI AU INDAKSHENI?

"Shangazi, naolewa mwezi ujao. Dukani kuna majiko mawili ya kioo yanafanana kabisa, bei tofauti. Muuzaji anasema yote sawa." (Bibi harusi, Kisesa)

Hongera mwanangu. Hayako sawa. La infraredi lina waya unaowaka mwekundu chini ya kioo, linapokea sufuria yoyote ya kitako bapa. La indaksheni haliwaki wekundu. Linatumia usumaku kuipasha sufuria yenyewe, linachemsha haraka na kioo hakipati joto kali, lakini sufuria za alumini halizitambui. Nenda dukani na sumaku, hata ile ya spika mbovu. Ikinasa kwenye kitako, sufuria inafaa kwa indaksheni. Ikianguka, haifai. Sasa tazama zawadi utakazopewa kwenye kitchen party: kama ni masufuria ya alumini matupu, chukua infraredi. Kama shangazi zako wana hela, waambie stili inayonasa sumaku.

JIONI HALICHEMKI

"Jiko langu linawaka, linazima, linawaka, linazima. Na jioni maji hayachemki. Limeharibika?" (Msomaji, Buhongwa)

Kuwaka na kuzima ni kazi yake, kuna kidhibiti cha joto chini ya kioo kinachokilinda. Kuchelewa jioni ni umeme wa mtaa. Kila mtu amewasha, volti zinashuka, na joto linashuka kuliko volti zenyewe: zikitoka 230 zikafika 190, jiko la wati 2000 linabaki na kama 1370. Chemsha maji ya ugali saa kumi uyaweke kwenye chupa ya chai. Na wakazi wa mtaa wenu mwende TANESCO pamoja, mkiwa na barua.

KIOO GANI HIKI?

"Shikamoo shangazi. Glasi ya chai ikimiminiwa maji ya moto inapasuka. Kwa nini jiko halipasuki?" (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Sengerema)

Marahaba, na swali zuri. Glasi inapasuka kwa sababu ndani inatanuka kabla ya nje. Kioo cha jiko kimepikwa mara ya pili kiwandani mpaka ndani yake zikaota fuwele ndogo mno, na mchanganyiko huo karibu hautanuki. Kilianza kwa bahati: mwaka 1953 Donald Stookey, mtafiti wa kampuni ya Corning huko Marekani, aliweka kipande cha kioo kwenye tanuri la nyuzi 600, tanuri likapanda mpaka 900. Alipokitoa kikamponyoka, kikaanguka chini, hakikuvunjika. Ila usijaribu kwenu. Jiko linastahimili joto, halistahimili mchi uliodondoka kwa ncha.

FUNDI ANA GUNDI

"Kifuniko cha presha kimeangukia jiko, pana ufa wa kidole kimoja. Fundi anasema ana gundi ya moto." (Mama Pili, Kirumba)

Hapana. Ufa mdogo unaingiza maji na mchuzi kwenye nyaya zenye umeme, na mchuzi una chumvi. Zima breka yake, usitumie hata zile pleti tatu nzima. Kioo kinabadilishwa kizima, chenye namba ya jiko lako. Kama bei yake inakaribia ya jiko jipya, nunua jipya. Gundi mwachie fundi viatu.

NA CHUNGU CHANGU?

"Bi shangazi, mimi mtu wa Ukerewe, sato nakula wa chungu. Naweza kukipandisha kwenye kioo?" (Baba wawili, Nansio)

Usikipandishe. Kitako cha chungu ni mviringo, kinagusa mahali padogo, na udongo wake unakwaruza. Tena udongo unapitisha joto pole pole, hivyo joto linarundikana chini, kidhibiti kinakata, na sato wako anabaki vuguvugu. Mchemshe kwenye sufuria bapa yenye mfuniko, na nyanya, kitunguu, limau na maji kidogo, moto wa nusu. Akianza kuchemka punguza hadi chini kabisa, na uzime dakika tano kabla hajaiva. Kama huyo si sato kwako, chungu kipeleke kwenye mkaa. Mkaa ukikosekana, kinakubali gesi pia, moto ukiwa mdogo tangu mwanzo na chungu kisiwe kimetoka kuoshwa sasa hivi.